Wasomaji Wanauliza: Filamu ya Steve Bannon na Hasira ya Wahakiki

Barua kadhaa tulizopokea mwezi huu zinahusu filamu moja na mtu mmoja, hivyo nimeziweka pamoja. Wasomaji waliouliza kuhusu tamthilia za televisheni watavumilia hadi toleo lijalo.

*Mhariri mpendwa, hivi karibuni niliitazama American Dharma, filamu ya hali halisi ambamo mwelekezi Errol Morris anamhoji Steve Bannon, aliyeiongoza kampeni ya Donald Trump mwaka 2016. Niliiona kuwa kazi nzuri inayomfikirisha mtazamaji. Baadaye nikasoma tahakiki zilizoandikwa ilipotoka, nikashangaa. Wengi walidai kwamba Morris alimwachia Bannon aseme atakalo, na wengine wakasema filamu yenyewe haikustahili kutengenezwa. Je, wahakiki hawakumwonea mwelekezi huyu?*
*Msomaji, South B*

Walimwonea katika jambo moja, na katika jambo jingine, lililo zito zaidi, hawakumgusa.

Inafaa kwanza kukumbuka majira yenyewe. Filamu hii ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la filamu la Venice mwanzoni mwa Septemba 2018, nje ya mashindano. Siku zizo hizo jarida la The New Yorker lilikuwa limetangaza kwamba Bannon angehojiwa hadharani katika tamasha lake la mwezi Oktoba. Wageni wengine mashuhuri waliokuwa wamealikwa wakajiondoa, wasomaji wakalalamika, na muda mfupi baadaye mhariri mkuu, David Remnick, akaufuta mwaliko. Jarida la The Economist nalo lilishikilia mwaliko wake na kumhoji mwezi huo huo wa Septemba. Kwa hiyo wahakiki waliingia ukumbini Venice wakiwa wamebeba ugomvi ambao haukuanzishwa na Morris, na nyingi za tahakiki zao zinaujibu ugomvi huo kuliko zinavyoijibu filamu.

Hoja ya jukwaa, yaani kwamba kumhoji mtu wa namna ile ni kumpa mahali pa kunadi sera zake, hainishawishi sana katika habari ya Bannon. Aliliongoza shirika la habari la mrengo wa kulia la Breitbart tangu mwaka 2012, mwanzilishi wake alipofariki. Mwaka 2017 alikuwa na cheo cha mpanga mikakati mkuu katika Ikulu ya Marekani, na maneno yake yalisomwa na kusikilizwa na mamilioni ya watu kabla Morris hajawasha kamera. Mtu aliyekwisha kuingia na kutoka katika ofisi ya rais hangoji filamu ya tamasha la Italia ndipo asikike.

Wahakiki waliolalamika kuhusu sura ya filamu walikuwa na haki zaidi. Bannon aliwahi kusema kwamba anaipenda Twelve O'Clock High, filamu ya mwaka 1949 kuhusu makamanda wa ndege za kivita za Marekani waliokaa Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Morris akamjengea banda la bati la kijeshi mfano wa lile la filamu hiyo, akamketisha humo, akampangia mwanga wa kupendeza, na vipande vya filamu nyingine anazozienzi vikapita kimoja baada ya kingine. Mtu anayejiona kuwa jenerali anahojiwa ndani ya ndoto yake ya ujenerali. Mwishoni banda linateketezwa kwa moto. Watetezi wa Morris walisema kwamba moto ule ndio hukumu yake juu ya mgeni wake, ila mimi naona moto unamfaa Bannon vilevile, kwa kuwa sifa anayojivunia ni kubomoa taasisi zilizopo, na kuzungukwa na miali ni picha ambayo angeichagua mwenyewe.

Linganisha na The Fog of War, filamu iliyompa Morris tuzo ya Oscar mwaka 2004. Humo alimhoji Robert McNamara, waziri wa ulinzi wa Marekani wa miaka ya 1961 hadi 1968, aliyekuwa na umri wa miaka 85 wakati wa mahojiano. McNamara naye alikuwa mzungumzaji hodari aliyezoea kujitetea. Lakini Morris alikuwa na kanda za mazungumzo ya simu ya marais, alikuwa na takwimu za mabomu ya moto yaliyoangushwa juu ya miji ya Japani, na alikuwa na mzee ambaye kwa kinywa chake mwenyewe alisema kwamba lau Marekani ingeshindwa vitani, yeye na wakuu wake wangeshtakiwa kama wahalifu wa vita. Kumbukumbu zilizungumza, na mhojiwa akalazimika kuzijibu au kunyamaza mbele yake. Katika American Dharma vichwa vya habari na ujumbe wa mitandaoni vinarushwa kwenye skrini kwa kasi, vinapendeza macho, lakini mara nyingi vinapita pasipo Bannon kutakiwa aeleze neno lolote. Ndiyo maana mahojiano yanaonekana mepesi, na si kwa sababu Morris alimwonea haya mgeni wake. Anamwambia waziwazi kwamba alimpigia Hillary Clinton kura katika mchujo wa chama kwa kuwaogopa Bannon na wenzake.

Kuna mahali ambapo njia ya Morris inafaulu kabisa, na wahakiki wengi walipakubali hata walipokuwa wakali kwingineko. Morris na Bannon wanazungumzia Chimes at Midnight, filamu ya Orson Welles ya mwaka 1965 iliyotokana na tamthilia za Shakespeare, hasa lile onyesho ambalo mwanamfalme, akiisha kutawazwa, anamkana hadharani Falstaff, mlevi mnene aliyekuwa rafiki na mlezi wake wa starehe. (Falstaff si mgeni kabisa kwetu, kwani mwaka 2012 kundi la waigizaji kutoka Nairobi lilimpandisha jukwaani kwa Kiswahili katika ukumbi wa Globe, London, ingawa katika tamthilia nyingine ya kuchekesha.) Morris anaona usaliti na huzuni. Bannon anaona mpango wa kawaida wa mambo: mfalme ameshika njia yake, na mzee anapaswa kuelewa. Anayesema hayo alikuwa ametolewa Ikulu mnamo Agosti 2017, na Januari iliyofuata Trump alitangaza kwamba Bannon amerukwa na akili. Hapakuhitajika swali kali hata moja ili kuona jinsi mtumishi aliyefukuzwa anavyojitungia hadithi itakayomwezesha kuendelea kumpenda bwana wake.

Sasa jambo lenyewe ambalo sikuliona katika tahakiki nilizosoma, kali na pole. Waliomlaumu Morris na waliomtetea walikubaliana, bila kuhoji, kwamba Bannon ndiye aliyemwingiza Trump Ikulu. Swali lao lilikuwa kama mtu mwenye nguvu kiasi hicho ahojiwe kwa upole au kwa ukali. Nguvu yenyewe hawakuipima. Bannon aliajiriwa katika kampeni Agosti 2016, uchaguzi ukiwa umebakiza chini ya miezi mitatu, na Trump alikuwa amekwisha kuwaangusha wapinzani wake wote ndani ya chama cha Republican bila msaada wake rasmi. Ushindi wa Novemba uliamuliwa na takriban kura 78,000 katika majimbo ya Michigan, Pennsylvania na Wisconsin, ilhali nchini kote Clinton alimtangulia Trump kwa karibu kura milioni 2.9. Pale tofauti inapokuwa ndogo namna hiyo, kila aliyegusa kampeni anaweza kudai kwamba bila yeye mambo yangekuwa mengine, na wako wanaosema kwamba ni barua ya mkurugenzi wa FBI, James Comey, ya tarehe 28 Oktoba ndiyo iliyogeuza mizani. Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mpanga mikakati huishi kwa kuivuta: anayeaminika kuwa alimpa rais ushindi hakosi mteja wa pili.

Mwaka mmoja baadaye Bannon alijitupa kwa nguvu zote nyuma ya Roy Moore, mgombea wa Republican wa kiti cha Seneti katika jimbo la Alabama, ambako chama hicho kilizoea kushinda bila jasho. Mnamo Desemba 2017 Moore, akiandamwa na tuhuma za kuwadhulumu kingono wasichana wadogo miaka mingi iliyopita, alishindwa na Doug Jones wa Democratic. Mhakiki aliyeziweka kampeni hizo mbili mezani angekuwa na swali gumu zaidi kwa Morris kuliko lile la jukwaa.

*Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa uanahabari hapa jijini. Darasani tulionyeshwa The Brink, filamu nyingine kuhusu Bannon, ambamo mwelekezi hamhoji bali anamfuata tu kwa kamera. Mhadhiri wetu anasema kwamba wahakiki waliipokea vizuri kuliko ile ya Morris. Je, kufuata ni bora kuliko kuhoji?*
*Mwanafunzi, Ngara*

Mhadhiri wako yuko sahihi kuhusu mapokezi, ingawa hata The Brink haikukosa wahakiki waliouliza kwa nini mtu huyu apewe dakika tisini nyingine. Filamu hiyo ya Alison Klayman ilionyeshwa kwanza katika tamasha la Sundance Januari 2019. Klayman alimfuata Bannon kuanzia majira ya kupukutika kwa majani ya mwaka 2017 hadi uchaguzi wa katikati ya muhula wa Novemba 2018, mara nyingi akishika kamera yeye mwenyewe bila kikosi.

Usiichukue kuwa kanuni kwamba njia moja inaishinda nyingine. Kilichoifaa The Brink ni kwamba muda ulimpa Klayman kipimo nilichokitaja hapo juu. Tunamwona Bannon akizunguka kutoka hoteli hadi hoteli, akikutana na wanasiasa wa mrengo wa kulia wa Ulaya ambao alitaka kuwaunganisha, akinywa vinywaji vya kuongeza nguvu, akiwasifu wageni kwa sifa zilezile alizowapa wa jana. Moore anaanguka. Baraza la Wawakilishi linachukuliwa na Democratic. Filamu haimtukani, lakini kila mara ahadi inapotolewa, tunaishi nayo hadi tuone matokeo yake, na wingu la miujiza linapungua taratibu.

Angalia pia kwamba mahojiano yamo humo, nayo ni miongoni mwa sehemu zenye nguvu zaidi. Mwandishi wa gazeti la The Guardian, Paul Lewis, anambana Bannon kuhusu lugha anayoitumia, hasa kumtaja George Soros, tajiri wa Kiyahudi, kwa namna ambayo wengi huisikia kama chuki dhidi ya Wayahudi. Bannon anacheka, anakwepa, anarudishwa palepale. Lewis hakupandisha sauti. Alikuwa amejiandaa, alijua jibu gani lingekuja, na alikuwa na swali la pili. Ukihitimu na kutumwa kumhoji mwanasiasa wa hapa, utakuta kwamba swali la kwanza kila mtu analo, hata msemaji wake amekwisha kumwandalia jibu. Kazi yako ni la pili na la tatu, na hayo hutoka katika makaratasi uliyosoma usiku uliotangulia.

Nikuongezee jambo moja linalosahauliwa: Bannon mwenyewe ni mtengenezaji wa filamu. Mwaka 2010 alielekeza filamu kuhusu msukosuko wa fedha wa Marekani, na mwaka 2011 nyingine ya kumsifu mwanasiasa wa Republican, Sarah Palin. Anajua mahali pa kukaa, lini atulie, sentensi gani itabaki baada ya kukata na kuunganisha. Ukimhoji mtu wa aina hiyo kwa saa nyingi ndani ya chumba kimoja, unacheza katika uwanja anaoujua. Ukimfuata kwa mwaka mzima, atachoka kuigiza.

*Mhariri, sielewi kwa nini sisi wa Nairobi tujishughulishe na Bannon. Wahakiki wa ng'ambo wagombane juu ya watu wao. Au kuna kinachotuhusu?*
*Msomaji, Umoja*

Kinachotuhusu kipo. Hadi alipojiunga na kampeni ya Trump, Bannon alikuwa makamu wa rais wa Cambridge Analytica, kampuni ya uchambuzi wa data za wapiga kura. Mnamo Machi 2018 televisheni ya Channel 4 ya Uingereza ilionyesha picha zilizochukuliwa kwa siri, ambamo mmoja wa wakuu wa kampuni hiyo, Mark Turnbull, alijigamba mbele ya mtu aliyemdhania kuwa mteja kwamba waliendesha karibu kila sehemu ya kampeni za Uhuru Kenyatta za mwaka 2013 na 2017: walibadilisha jina na sura ya chama, waliandika ilani, walifanya utafiti wa maoni kwa makumi ya maelfu ya watu, waliandika hotuba. Chama cha Jubilee kilikiri kwamba kampuni mama, SCL, ililipwa kwa kazi ya kukitangaza chama, na kikakana mengine. Sidai kwamba Bannon mwenyewe alipanga chochote hapa. Nasema tu kwamba biashara aliyokuwamo ilikuwa na mteja katika mji huu.

Wengine wenu mnaikumbuka ile video ya mwaka 2017 iliyoionyesha Kenya ikiwa imeteketea chini ya urais wa Raila Odinga. Shirika la Privacy International lilieleza mnamo Desemba mwaka huo kwamba kampeni hiyo ya mtandaoni, pamoja na nyingine ya kumsifu Uhuru, ilikuwa kazi ya Harris Media, kampuni ya Texas. Tulizipokea katika simu zetu, tukazituma kwa ndugu na jamaa, wengine kwa hofu na wengine kwa kicheko, bila kujua zilitengenezewa wapi.

Lakini hapa pia ningependa tupime kabla ya kuogopa. Majigambo ya Turnbull yalikuwa maneno ya muuzaji anayetafuta mkataba, na magazeti ya dunia yaliyapokea kana kwamba ni ungamo. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais wa tarehe 8 Agosti, na sababu walizozitoa majaji walio wengi zilihusu hasa namna matokeo yalivyopeperushwa na kuthibitishwa: fomu, seva, taratibu ambazo Tume ya Uchaguzi haikuzifuata. Jambo lililoubomoa uchaguzi mbele ya sheria halikutoka kwa mchawi wa data aliyeketi London. Mkenya anayeamini kwamba kura yake iliibwa na mashine ya kusoma akili ataisahau fomu ya kituo chake, ambayo anaweza kuisoma na kuidai.

Kwa hiyo tunapowasoma wahakiki wa filamu hizi, tunayo sababu yetu ya kuwa wagumu kuliko wao. Wao walijiuliza kama Bannon ni mwovu na kama Morris alimwonyesha kuwa mwovu wa kutosha. Sisi tumeishi na washauri waliolipwa kutoka mbali, na tunahitaji filamu itakayotueleza nani alilipa, alilipa nini, kazi gani ilifanyika, na ni sehemu gani ya hadithi iliyokuwa tangazo la biashara. American Dharma haikukusudiwa kufanya hivyo, na sioni haki ya kuilaumu kwa hilo. Vijana wetu wanaotengeneza filamu za hali halisi hapa Nairobi wana kumbukumbu za mahakama, wana mashahidi walio hai na wana lugha. Ningependa kuhakiki kazi yao siku moja, na ninaahidi kutokuwa mpole.

*Je, ni kweli kwamba American Dharma ilipigwa marufuku Marekani?*
*Msomaji, Eastleigh*

Sivyo. Ilikosa msambazaji kwa muda mrefu baada ya Venice, jambo ambalo Morris alilizungumzia hadharani kwa uchungu, kwa kuwa jina lake kwa kawaida lilitosha kuuza filamu. Hatimaye kampuni ndogo ya Utopia iliichukua na kuifikisha katika kumbi za sinema Novemba 2019. Mfanyabiashara kuogopa hasara au lawama si sawa na serikali kukataza, na sisi tulio na bodi inayoweza kuizuia filamu isionyeshwe tunapaswa kuijua tofauti hiyo vizuri.

*Mhariri, kikundi chetu cha vijana hukutana katika ukumbi wa kanisa kutazama filamu na kuzijadili. Tungependa kuitazama American Dharma. Tujiandae vipi?*
*Katibu wa kikundi, Kayole*

Msianze nayo, Katibu. Anzeni na The Fog of War, ili wanachama wenu wamwone Morris akiwa na nyaraka mkononi, kisha wiki inayofuata mtazame American Dharma. Kabla ya kuiwasha, mgawie kila mmoja karatasi, na kila Bannon anapodai kwamba jambo fulani lilitokea kwa sababu yake, waandike dai hilo. Baada ya filamu, chagueni madai matatu tu, mjadili ni ushahidi gani ungeyathibitisha au kuyaangusha, na kama ushahidi huo umeonyeshwa popote katika filamu. Mkibaki na muda, ongezeni The Brink wiki ya tatu. Filamu zote tatu hazifiki saa mbili kila moja, kwa hiyo mkianza saa nane mchana mtakuwa na nafasi ya kuzungumza kabla ya giza. Zote ziko kwa Kiingereza, na mazungumzo ya Bannon na Morris yana marejeo mengi ya filamu za zamani, basi mtafuteni mtu mmoja atakayezisoma habari zake mapema ili awaeleze wenzake.